Jarida la Mama Marehemu

Mwanamke wa kwetu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Fundi cherehani wa mlango wa pili anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara vivyo hivyo, na hakuna anayekumbuka tena wazazi wao waliwapa majina gani. Mimi hapa Lushoto naitwa Mama Marehemu.

Sikujipa. Nina steshenari karibu na soko. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nalaminisha vyeti, lakini kinachonilisha ni vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu kwenye kava, wasifu wake ndani, ratiba ya ibada, nyimbo, na nyuma neno la shukrani la familia. Walutheri wa huku milimani hawazikani bila kijitabu. Waislamu huzika mapema, hawanipi nafasi, ila hunikumbuka kwa kadi za harusi na matangazo ya maulidi. Kwa miaka kumi na moja sasa, mtu akifiwa, hata kama ni kule kwetu Bungu, wa kwanza kuambiwa ni mchungaji na wa pili ni mimi. Wapo wanaoanza na mimi.

Jina hilo lilinichekesha mpaka binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alipoingia kidato cha tatu na wenzake wakapiga hesabu. Kama mama ni Mama Marehemu, marehemu ni nani? Basi shuleni akawa Marehemu. Akichelewa mstarini: "Marehemu kafufuka." Akiongeza ugali: "Marehemu siku hizi anakula vizuri." Siku moja alirudi nyumbani akatupa begi, akaniambia niache kazi ile niuze viazi kama akina mama wenye akili. Baba yake yuko Muheza na biashara yake ya machungwa na iliki, kwa hiyo ugomvi wote wa nyumba ile ni wa watu wawili. Nilimjibu kwamba viazi havijawahi kumsomesha. Nilijibu kwa ukali kwa sababu iliniuma.

Wiki chache baadaye aliingia dukani na rafiki zake wawili: mmoja mrefu mwenye maneno mengi, mwingine mdogo, mtoto wa wakulima wa mboga wa bondeni, mwenye hijabu iliyonyooka na kalamu mkononi saa zote. "Shikamoo mama," walisema wote watatu, hata binti yangu ambaye tulishasalimiana asubuhi. Nikajua wanataka kitu.

Walikuwa na klabu ya muziki, na mwalimu mlezi wa klabu alikuwa amewaruhusu watoe jarida la wasichana, binti yangu akiwa mhariri, liuzwe Siku ya Wazazi. Humo kutakuwa na wasanii, mashairi ya nyimbo, mitindo ya nywele, ukurasa wa ushauri, na katikati bango la kubandika ukutani. Jina lake Sauti ya Juu. Yule mrefu alinieleza kwamba ni redio ikifunguliwa mpaka mwisho, na pia ni sisi tunaoishi huku juu. Nikaona watoto wana akili.

Wenzake walipotoka, binti yangu alibaki nyuma. "Mama, ukilifanya vizuri watakuita Mama Jarida," alisema. "Na mimi nitapona." Halafu akasema la pili akiwa anaangalia sakafu: kwenye ule ukurasa wa ndani panapoandikwa mhariri ni nani na msanifu ni nani, mimi nisiwepo. Iandikwe Kamati. "Ukionekana wewe, mama, watasema hata jarida limefia mikononi mwako."

Nilisema sawa. Nikaenda kumtolea mteja fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, nikaitoa bila kichwa mara mbili. Nilitaka kuitwa Mama Jarida kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Tatizo lilikuwa mikono yangu. Kichwani nilielewa kabisa kwamba hili ni jambo la vijana, la furaha, lakini kila nilichogusa kilikwenda kukaa katikati ya ukurasa na kunyamaza. Nilipowaonyesha mitindo ya nywele, yule mrefu aliitazama kitambo. "Mama, hizi nywele zimepumzika kwa amani?" Nilikuwa nimeweka kila msuko ndani ya duara lenye kingo zinazofifia, na chini yake mstari mwembamba wa dhahabu. Wao walitaka nyota zinazopasuka, herufi zilizolala upande, na rangi tatu zinazogombana. Nilikuwa na fonti moja ya mwandiko wa kuunganisha, nzuri mno, niliyoitumia kwa wachungaji wawili na mwalimu mkuu mmoja. Nikaijaribu kwenye ukurasa wa ushauri. "Hii inalia," alisema binti yangu.

Hata majina ya mafaili kwenye kompyuta yangu yalikuwa aibu. Marehemu mpya. Marehemu mpya mwisho. Marehemu mwisho kabisa. Marehemu mwisho kabisa amerekebishwa. Yule mrefu aliyasoma kwa sauti, akacheka na mwenzake mpaka mteja mmoja, aliyekuja kwa kijitabu cha msiba, akatoka nje kuwangoja. Binti yangu hakucheka.

Msanii wa kava alikuwa dada mmoja wa Magamba, mlima unaotutazama hapo juu. Alikuwa amerekodi wimbo wake kwenye chumba kimoja hapa mjini kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kisitoe mwangwi. Wimbo wenyewe unamsema kijana aliyeahidi kuleta peasi akaleta majani. Ulipigwa kwenye redio za Tanga, na wasichana wa hapa hawakulala, hawakula, hawakusoma.

Mwenye kalamu ndiye aliyemhoji, na aliandika yote, neno kwa neno. Nusu ya ukurasa wa kwanza ilikuwa salamu. Shikamoo dada. Marahaba. Habari za Magamba? Nzuri. Bibi hajambo? Hajambo, mgongo tu. Viazi? Vimekubali. Nikashauri tukate tuanzie kwenye muziki. Alinitazama kama niliyetukana. "Mama, bibi yake atasoma. Akiona hatukuuliza mgongo?" Mgongo ukabaki. Nilipunguza ukubwa wa herufi.

Kava tuliiacha mwisho. Waliniandikia kwenye karatasi kichwa cha habari: AMETOKA! Kwa lugha ya vijana, msanii akijulikana na nyimbo zake zikipigwa kila mahali, husemwa ametoka. Nililijua neno hilo, mimi si mzee kiasi hicho. Chini yake: "Msichana wa Magamba sasa yuko juu!" Rangi ya zambarau, kwa kuwa mwaka ule kila walichokipenda kilikuwa cha zambarau. Baada ya hapo wakaingia kwenye mitihani ya siku tatu, nikabaki peke yangu na kava.

Nilifanya kazi kwa moyo. Picha bora ilikuwa ile aliyosimama ukingoni mwa msitu, gauni jeupe, macho yameinuliwa kidogo. Nyuma yake palikuwa na ndoo na mbuzi. Nikaviondoa, nikabakiza ukungu. Pembeni nikapitisha utepe wa zambarau. Chini palikuwa patupu, nikaweka yale maua meupe marefu yanayoota kando ya vijito, shada huku na shada huku. Duara la kingo za kufifia nilijizuia nisiliweke, na nilijipongeza kwa hilo. Nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama, machozi yakanilenga. Hiyo pekee ingenitosha kuwa onyo.

Nilitoa nakala kubwa mbili za tangazo. Moja nikaibandika mlangoni kwangu. Ya pili nikampa mama mmoja wa mboga aliyekuwa anarudi Magamba, nikamwambia aibandike pale watu wengi wanapopita. Aliitazama, akajiziba mdomo kwa kiganja, akaondoka bila kuuza kabichi zake za mwisho. Nikasema moyoni, kazi nzuri humnyamazisha mtu.

Haikupita saa moja, jirani yangu fundi cherehani akasimama mlangoni.

"Jirani, pole sana."

"Asante, nimeshapoa," nilisema. Nilidhani ni pole ya kazi.

"Imekuwa ghafla mno."

"Ghafla wapi, jirani? Tumehangaika wiki tatu."

Akashika kifua. "Wiki tatu! Na hamkutuambia?"

"Wasichana walitaka iwe siri mpaka siku yenyewe ikaribie."

"Na siku yenyewe ni lini?"

"Jumamosi, pale shuleni."

"Shuleni? Si kwao Magamba?"

"Shuleni kuna nafasi. Wazazi wote watakuwepo, kutakuwa na muziki, vijana watacheza. Halafu kila mmoja atamchukua nyumbani akambandike ukutani."

Alinitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama tangu tujuane. Akarudi kwake, akafunika cherehani, akajifunga khanga kiunoni na kuelekea barabara ya Magamba. Nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wanapita walivua kofia mbele ya mlango wangu, na mama mmoja wa kwaya akaanza kuvumisha wimbo kwa pua. Niliwapungia mkono.

Kisha akaja binti yangu, anakimbia, sweta la shule limefungwa kiunoni. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekwisha, na getini alikuwa ameambiwa habari. Alisimama mbele ya mlango akasoma, akasoma tena.

"Mama, umeandika nini?"

"Mlichoniambia. Ametutoka."

Nikalisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe.

"Ametoka, mama," alisema polepole. "Tulisema ametoka."

Herufi mbili tu, t na u. Miaka kumi na moja vidole vyangu vimeandika ametutoka baba yetu mpendwa, ametutoka mama yetu, ametutoka mwalimu wetu, na vikishafika kwenye "ame" havingoji tena amri yangu. Nilitazama zile herufi, nikatazama maua, ukungu, utepe, yale macho yaliyoinuliwa, na chini yake: Msichana wa Magamba sasa yuko juu. Nilikuwa nimemuua mtu na kumpeleka mbinguni kwenye karatasi moja.

Binti yangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya maboksi ya karatasi na kusema, "Sasa nitaitwa Marehemu mpaka siku nitakayokufa kweli. Na siku hiyo utakosea tena, utaandika nimetoka." Halafu akalia, kichwa magotini. Nilitaka kumshika bega lakini mkono ulioharibu jambo hauna uso wa kubembeleza. Nikageukia mlango kubandua lile bango. Likachanika katikati.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya msichana, ya upole kabisa.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama, naomba kuuliza. Nimekufa lini?"

Alinisimulia bila hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Alikuwa kwenye shamba lao la viazi, ng'ambo ya kijito, akaona akina mama wamejitwisha kuni kama waendao msibani, wanaelekea upande wa kwao. Kwetu hupigi kelele kutoka mbali kuuliza kuna nini, unakwenda. Akaokota kuni zake, akafunga mzigo, akajiunga nyuma ya msururu. Walipokaribia nyumbani akamuuliza aliye mbele yake, aliyefariki ni nani. Yule mama akamtajia jina lake, akageuka kumpa pole, akamuona. "Kuni alizitupa kule," alisema. "Yeye mwenyewe mpaka sasa hajaonekana. Mama, nakuomba uje, bibi anataka kukuona."

Tulipanda pikipiki, mimi na binti yangu. Hakutaka kuja. Nilimwambia mhariri hamkimbii msomaji, nikasema kwa ukali wangu wa kawaida, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kwenda peke yangu.

Turubai lilikuwa limeshafungwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, kamati ya msiba ilikuwa imepata mwenyekiti na katibu, na sufuria mbili kubwa za kande zilikuwa motoni. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Watu wameshafika, kuni zinawaka, mahindi na maharage yanaiva, waende wapi? Walikuwa wamekaa wananong'ona, na marehemu mwenyewe anawagawia chai.

Mzee wa kanisa, anayenijua kwa mazishi mengi, alinyanyuka kwa mazoea. "Ndugu waombolezaji," akaanza, akajikohoza. "Ndugu wageni. Tunamwomba Mama Marehemu atusaidie neno." Watu wakacheka, kicheko cha kubana. Nilimuona binti yangu akiinamisha uso.

Nikasimama. Nilisema kosa ni langu, si la watoto, watoto waliandika sawasawa. Nilisema nimezoea kuandika habari za waliokwisha, vidole vimesahau kwamba watu pia huishi. Niliomba radhi kwa bibi, kwa dada, na kwa yule mama aliyekimbia, popote alipo. Nikakaa.

Mjane mmoja aliyekaa karibu na sufuria akamnyooshea mwiko binti yangu. "Huyu ni wako?"

Nilimwachia ajibu mwenyewe. Alinyanyua uso, akanitazama.

"Ndiyo," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi sikia. Baba wa watoto wangu aliacha picha moja tu, ya kitambulisho, kaikalia mfukoni miaka na miaka, mkunjo umempita puani. Mimi nililia mara mbili, mara moja kwa kifo na mara moja kwa ile pua. Mama yako alikaa naye siku nzima kwenye kompyuta, akamrudishia pua. Tena akamvisha na kola! Yuko ukutani kwangu mpaka leo. Wajukuu wanajua babu yao alikuwa na pua."

Hapo watu walicheka kwelikweli. Mama mwingine akasema wake nilimfumbua macho, kwa maana picha pekee waliyokuwa nayo alikuwa amepiga chafya. Mwingine akasema wake nilimtoa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, na bega la bwana harusi halionekani hata ukitafuta. Binti yangu alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi kidogo. Miaka yote ile alidhani naandika tarehe tu. Sikuwa nimemweleza, na sijui kwa nini.

Ndipo bibi akaniita. Bango lilikuwa mapajani mwake, mkono mmoja ameegemeza mgongo. "Hongea," aliniambia, ambayo kwa Kishambaa ni asante, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaendelea kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Huyu nimemlea mwenyewe, sijapata kumuona mzuri hivi. Sisi tukipigiwa picha nzuri tumeshakufa, hatuioni. Huyu kaiona." Akanivuta karibu. "Na mimi nitengenezee yangu sasa hivi, niitazame. Mgongo usionekane."

Bango alikataa kulirudisha. Liko ukutani kwake hadi leo, na ile "tu" iliyozidi katikati ya neno wameiziba kwa plasta ya kidonda. Siku ile dada aliimba wimbo wake wa peasi kwa kupiga sufuria tupu, kamati ya msiba ikaimba kiitikio, na kande zikaliwa zote. Yule mama wa kuni alitokea wakati wa kula.

Kesho yake wasichana watatu walikuja dukani kutengeneza kava upya. Maua tuliyaacha, yule mrefu alisema sasa yana historia. Mwenye kalamu aliandika kisanduku cha ukurasa wa pili: "Masahihisho. Hajatutoka. Ametoka. Mgongo wa bibi unaendelea vizuri." Binti yangu aliniondoa kwenye kiti kwa nyonga, akasema vidole vyangu haviaminiki, akaandika kichwa cha habari mwenyewe, herufi moja moja.

Kisha akafungua ule ukurasa wa ndani wenye majina. Penye Msanifu palikuwa na neno Kamati. Akalifuta, akaandika Mama Marehemu.

"Watajua ni wewe," nilimwambia.

"Wanajua, mama."

Akapanda mstari wa juu, penye jina lake zuri nililompa mwenyewe, akalifuta pia. Mhariri: Marehemu. Msanifu: Mama Marehemu. Akaniachia kiti. "Soma uone kama kuna kosa."

Nilisoma mara tatu. Halikuwepo hata moja.